Mikato minane, digrii 180: maneno kwa maseremala wapya kuhusu paa la goti

(Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya useremala, Njombe)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wazazi, habari za mchana. Vijana, hamjambo. Nimeambiwa nina nusu saa, na ninajua msemaji anayetangulia chakula husikilizwa kwa tumbo, kwa hiyo sitazunguka.

Asubuhi nimepita karakana yenu, nikasimama kwenye ile mashine ya kukatia pembe. Mezani pake kuna vijishimo ambapo mkono wa mashine unajifunga wenyewe: sifuri, 15, 22.5, 30, 45. Nikamuuliza kijana mmoja, hii 45 ya nini? Akajibu bila kufikiri: ya fremu. Haya, na hii 22.5? Akacheka, akajikuna kichwa, akasema, "Mzee, hiyo nadhani waliiweka kujaza nafasi."

Simcheki. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye kazi hii nikidhani hivyo hivyo. Leo nimekuja kuisemea hiyo 22.5 tu.

Bila shaka mmeona kwenye picha yale mabanda ya wakulima wa Marekani. Paa linaanzia ukutani likiwa limesimama karibu kama ukuta wenyewe, likifika katikati linavunjika, halafu linalala taratibu mpaka kileleni. Upande wa pili vivyo hivyo. Wenyewe wanaliita gambreli, na asili ya jina hilo ni goti la mguu wa nyuma wa farasi. Machinjioni kwao, ule mti wenye mkunjo wa kutundikia mzoga nao uliitwa hivyo. Kwa hiyo mimi nikiliita paa la goti sijabuni kitu. Wafaransa wana ndugu yake, paa lililopewa jina la msanifu François Mansart wa karne ya 17, ila lile lina goti pande zote nne na lilikuwa la majumba ya wakubwa. Hili letu ni la ng'ombe na majani.

Tena majani ndiyo yaliyolinenepesha. Mwaka 1867 Mmarekani mmoja wa Iowa, William Louden, alipata hataza ya chombo cha kubebea majani makavu: kinaning'inia chini ya kilele cha paa na kuyasafirisha kutoka mlangoni hadi mwisho wa banda. Kabla ya hapo majani yalirushwa juu kwa uma na mgongo wa mtu, na mgongo una kikomo chake. Chombo kilipopatikana, mkulima akataka dari refu, pana, lisilo na nguzo katikati za kugongana nacho. Paa la goti likawa jibu.

Sasa sisi huku hatuna farasi, na chombo cha Louden sijakiona kwa mkulima yeyote wa Njombe. Lakini ng'ombe wa maziwa tunao, na kiangazi tunacho. Mvua ikikatika, mwenye majani makavu darini anakamua, asiye nayo ananunua. Na viwanja vya kuongeza mabanda vinaisha. Mteja akikwambia "fundi, nataka nafasi zaidi juu bila kupanua msingi", unamjibu nini?

Hebu tupige hesabu pamoja. Banda lina upana wa mita 4 na sentimita 70. Paa la kawaida la migongo miwili, lenye mwinamo wa digrii 45, kilele chake kitakuwa mita 2.35 juu ya ukuta, na kila kombamoyo litakuwa na mita 3.32. Naona wengine mnatazamana: kombamoyo ndiyo hiyo mnayoiita rafta, mbao inayopanda kutoka ukutani hadi kileleni. Basi mbao moja ya futi 12 inatoa kombamoyo moja, ikibaki kidogo ya kuchomoza nje. Mbao mbili kwa kila kenchi, yaani kila fremu ya mbao inayobeba paa kutoka ukuta hadi ukuta.

Paa la goti la upana ule ule na kimo kile kile lina vipande vinne, kila kimoja mita 1.80. Mbao ya futi 12 ina mita 3.66, kwa hiyo inatoa viwili. Tena mbao mbili kwa kila kenchi. Zile zile! Lakini nafasi iliyo chini ya paa imeongezeka kwa asilimia 41. Bati linaongezeka kwa asilimia 8 tu. Sijui biashara nyingine inayompa mteja faida ya namna hiyo.

Hiyo mita 1.80 imetoka wapi? Hapa naomba mniazime macho, maana nitachora sakafuni kwa chaki.

Piga msumari hapa. Huu ni katikati ya banda. Funga kamba yenye urefu wa nusu ya upana, mita 2.35, weka chaki mwishoni, zungusha nusu duara kutoka ukuta hadi ukuta. Simamisha mstari kutoka kwenye msumari kwenda juu kwa skwea. Pale unapokata duara ndipo kilele. Sasa gawa kila robo ya duara katikati. Umepata alama mbili, moja kila upande. Hayo ndiyo magoti. Unganisha kwa mistari iliyonyooka: ukuta, goti, kilele, goti, ukuta. Mistari minne, yote sawa. Umechora nusu ya pembenane. Anayependa kikokotoo achukue nusu ya upana azidishe kwa 0.765, atapata urefu wa kipande. Asiyependa, apime kwa futi hapo hapo sakafuni. Majibu ni yale yale.

Kipande cha chini kimesimama kwa digrii 67 na nusu. Cha juu kimelala kwa digrii 22 na nusu. Pembe ya gotini ni 135, na ya kileleni pia ni 135.

Na hapa ndipo nilipoaibika. Nilipewa kazi ya banda la kuhifadhia majani, la mzee mmoja mwenye subira, Mungu ampe umri. Kenchi 14, vipande 56. Nikajua gotini kuna 135. Nikasema moyoni: mbao iliyonyooka ni 180, toa 135, inabaki 45. Hesabu safi kabisa. Nikafunga mashine kwenye 45 na kukata goti la vipande vyote 56 kabla ya jua kupanda, huku nikipiga mluzi. Msaidizi wangu akapanga vinne sakafuni, akaniita. "Fundi, hili ni paa au ni sanduku?" Goti lilikuwa limekunjwa digrii 90 kamili, kona ya sanduku.

Hiyo 45 ni ya goti zima, na goti lina mbao mbili. Kila mbao inachangia nusu yake. Nusu ya 45 ni 22 na nusu.

Nikadhani nitakata upya tu. Lakini kuirudisha 45 iwe 22 na nusu kunakula upande wa nje wa mbao: kila kipande kikapungua karibu sentimita 6. Nilipopanga tena, paa likawa jembamba kwa sentimita 15, na kuta zilikwisha simama. Mbao 28 nikanunua kwa pesa yangu. Zile za kwanza ndizo paa la banda langu la mbuzi mpaka leo, na kila nikienda kuwalisha nainua macho.

Tangu siku hiyo nina jambo moja ninalolikagua kabla ya kuwasha mashine, na ndilo ninalotaka mwondoke nalo. Hesabu mikato ya kenchi moja: miwili ukutani, miwili kwenye goti la kushoto, miwili kwenye goti la kulia, miwili kileleni. Minane. Jumlisha digrii zake zote, ukihesabu kutoka kwenye skwea, yaani mkato ulionyooka ni sifuri kama mashine inavyosoma. Jumla lazima iwe 180. Isiwe 179, isiwe 181.

Kwa paa hili la nusu duara, ukutani ni 22 na nusu, gotini 22 na nusu, kileleni 22 na nusu. Mara nane: 180. Mkato mmoja, mashine inafungwa mara moja, unakata mchana kutwa bila kuigusa. Ndiyo kazi ya kile kijishimo. Yangu ya siku ile? Mikato minne ya 22 na nusu ni 90, minne ya 45 ni 180. Jumla 270. Ningejumlisha kwenye kipande cha karatasi, mbuzi wangu wangekuwa chini ya makuti.

Mtaniuliza, na mteja asiyetaka hilo la nusu duara? Wapo. Mwinamo wa juu wa 22 na nusu wengine wanauona umelala mno. Wanataka chini 60, juu 30. Hapo tena hakuna mkato mmoja wa kila mahali, lakini kanuni inakaa mfukoni. Kileleni kata digrii za mwinamo wa juu: 30. Gotini, toa mwinamo wa juu kwenye wa chini, gawa kwa mbili: 60 toa 30 ni 30, nusu yake 15. Ukutani, toa mwinamo wa chini kwenye 90: inabaki 30. Jumlisha: miwili ya kileleni 60, minne ya gotini 60, miwili ya ukutani 60. Mia na themanini. Chagua miinamo yoyote uitakayo, ukifuata kanuni hiyo jumla haibadiliki.

Angalieni huo mkato wa ukutani, maana unawachanganya wengi. Mbao imesimama kwa 67 na nusu, fundi anaitafuta 67 na nusu kwenye mashine, haipo, anaanza kuilaumu mashine. Mashine inahesabu kutoka kwenye skwea. Mchoro wa msanifu unahesabu kutoka kwenye maji yaliyotulia. Ni watu wawili wanaoongea juu ya mbao moja, kila mmoja ameanzia mahali pake. Wewe ndiye mkalimani.

Na kwa asiye na mashine? Wengi wenu mtaanza na msumeno wa mkono, na si aibu. Chukua karatasi yenye kona ya skwea. Ikunje kona hiyo katikati, una 45. Kunja tena, una 22 na nusu. Karatasi ya daftari la mtoto inatosha kukagua. Lakini kwa kuchora kwenye mbao, fanya hivi: piga mstari wa skwea kukatiza upana wa mbao. Kwa kila sentimita 10 za upana, sogea milimita 41 kwenye ukingo mmoja, kisha unganisha. Umeipata 22 na nusu. Ukitaka 15, sogea milimita 27. Ukitaka 30, sogea milimita 58. Andikeni ndani ya kifuniko cha sanduku la zana, penseli ya kiganjani inafutika kwa jasho.

Ila pimeni upana wa mbao yenyewe, msiamini jina. Mbili kwa nne ya kwetu ukiishika moja ina sentimita 10, jirani yake ina tisa na nusu, ya tatu imepinda kama inatafuta jua. Kwa hiyo urefu unapimwa upande wa nje, upande utakaobeba bati. Ile 1.80 ni ya ukingo wa nje. Ukipima katikati ya mbao leo na ukingo kesho, utapata bati linalocheza mawimbi. Na penseli ikishachora, msumeno upite upande unaotupwa, maana meno yenyewe yanakula karibu milimita 3.

Kuna raha nyingine ndogo kwenye vipande hivi. Kwa kuwa mikato yote ni sawa, ukingo mmoja ni mrefu na mwingine mfupi. Ukikata kipande cha kwanza, geuza mbao juu chini: mkato uliokwisha kata ndio tayari mwanzo wa kipande cha pili. Mikato mitatu, vipande viwili, na kwenye mbao ya futi 12 kinabaki kipande cha kama sentimita 10 cha kuwashia jiko.

Kata kipande kimoja tu kwanza. Kipange juu ya mchoro wa sakafuni. Kikikaa, kifanye kigezo, andika juu yake kwa herufi kubwa KIGEZO, na mtu asikipigilie popote. Nasema hivyo kwa sababu kigezo hupenda sana kupanda juu ya paa. Na kila kipande kichorwe kutoka kwenye kigezo, si kutoka kwenye kipande kilichotangulia. Ukichora cha pili kutoka cha kwanza, cha tatu kutoka cha pili, unene wa penseli unajumlishwa mara hamsini. Digrii moja ya kosa kwenye kipande cha mita 1.80 ni sentimita 3 mwishoni mwake.

Nguvu ya paa hili nitaisema kwa kifupi, lakini msiichukulie kwa kifupi. Goti ni bawaba. Mbao mbili zilizokutana kwa mshazari na kushikwa kwa misumari miwili ya inchi 4 zitafunguka, kama si mwaka huu basi mwaka ujao. Weka vibao vya plaiwudi pande zote mbili za kila goti na kilele, kwa gundi na misumari mingi midogo. Na miguu ya kenchi inasukuma kuta kwenda nje. Kinachoizuia ni boriti za dari: mguu wa kulia na mguu wa kushoto uende kwenye boriti moja inayokatiza banda, ndipo boriti ilale juu ya mtambaa panya, ile mbao inayolazwa juu ya ukuta. Mteja anayetaka kuziondoa boriti ili "pawe wazi" mpeleke kwa mhandisi kwanza. Na kwa kuwa sehemu ya chini imesimama kama ukuta, upepo unaipiga kama ukuta. Funga mbao za mshazari ndani, kutoka kenchi ya kwanza ikipita ya pili hadi ya tatu, kila mwisho wa banda.

Mvua sasa. Bati la chini linafungwa kwanza. La juu linashuka na kulipita goti kwa kiganja kizima, maji yadondokee nje, yasirudi ndani ya kiungo. Makuti msijaribu kwenye mwinamo wa juu. Makuti yanataka paa lililosimama, yakilazwa hivyo yatakunywa maji yote ya masika. Na tatizo la kweli la mtindo huu, ambalo wauzaji wa ramani hawalisemi: hauna mchomozo. Paa linaishia pale pale ukutani, maji yanateremka na ukuta. Ongeza vipande vifupi kwenye miguu, vilivyolala zaidi, vitoke nje kama ulimi. Kwa kuta za tofali za udongo hilo si pambo. Nimeona kona ya ukuta imeliwa na msimu mmoja tu wa mvua.

Vijana, muda wangu umekwisha na kwenye hafla yenu kuna pilau, naisikia harufu. Lakini kabla hamjakaa mezani naomba wanne waje hapa. Yule kijana wa asubuhi awe wa kwanza. Vipande hivi vinne nimevikata jana, mashine ikiwa kwenye 22.5. Vipangeni juu ya chaki. Vizuri. Sasa mmoja ashike futi kwenye msumari, mwingine apime kilele: inatakiwa isome 2.35, sawa na nusu ya upana. Haya, gotini: kwenda juu kutoka mstari wa ukuta 1.66, na kwenda kando kutoka mstari wa katikati 1.66 pia.

Inasoma ngapi? 1.63. Basi mmoja wa mikato minane umedanganya. Utafuteni, mimi naenda kunawa mikono.